Mdila, Chujio na Mkamuo: Historia Fupi ya Vyombo vya Kahawa vya Nyumbani na Majina Yake

Utangulizi

Miongoni mwa maneno yanayomfikia mfasiri kutoka katika maandishi ya biashara na ya sayansi kimu, yako ambayo huonekana mepesi mno hata hayahesabiwi kuwa istilahi. "Mashine ya kahawa" ni mojawapo. Mfasiri huliandika pasipo kusita, mhariri hulipitisha, na msomaji hudhani kuwa amelielewa. Lakini tukiuliza ni mashine gani inayosemwa, tutapata majibu mengi. Mkulima wa Machame au wa Rombo atafikiri kuwa inasemwa mashine ya mkono ya kumenyea kahawa mbivu, ile inayotenganisha ganda jekundu na punje zake. Mfanyakazi wa kiwandani Moshi atakumbuka mitambo ya kukoboa. Mhudumu wa hoteli ataona mashine kubwa itoayo mvuke na povu. Na mtu anayetaka kununua chombo cha kupikia kahawa nyumbani kwake atajikuta mbele ya vyombo sita au saba visivyofanana hata kidogo, vyote vikiitwa kwa jina hilo moja.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi vyombo hivyo vilivyozuka, kimoja baada ya kingine, na kupendekeza majina yatakayomsaidia mfasiri, mwalimu na mnunuzi. Hoja yetu ni hii: kila chombo kilibuniwa ili kuondoa kasoro ya kile kilichokitangulia, na kasoro hiyo mara nyingi ilihusu jambo moja, yaani namna maji yanavyokutana na unga wa kahawa. Namna hizo ni nne: kuchemsha, kuchuja, kuloweka na kukamua. Vitenzi vyote vinne ni vya zamani katika Kiswahili. Kwa hiyo majina ya vyombo hivi hayana budi kujengwa juu ya tendo, si juu ya jina la kampuni wala la nchi. Wala hili si jambo la wanaisimu peke yao. Anayenunua kwa jina lisiloeleza kazi anaweza kulipa fedha nyingi kwa chombo kisichoweza kamwe kumpa kinywaji alichokikusudia.

Msamiati tulio nao

Kiswahili si lugha maskini katika habari ya kahawa. Mti huitwa mbuni, punje zake buni, na kinywaji chenyewe kahawa. Lugha kadhaa za Ulaya hutumia neno moja kwa mambo yote matatu, hata mfasiri anapogeuza maandishi yake kwa Kiswahili hulazimika kutazama kwanza ni lipi linalosemwa. Maneno buni na kahawa yametokana na Kiarabu, bunn na qahwa, nayo yaliingia pwani kwa njia ya mawasiliano ya muda mrefu na Yemen, Oman na Ghuba. Hata hivyo tahadhari moja inahitajika: katika biashara ya kahawa nchini Kenya, mbuni ni jina la matunda yaliyokaushwa pamoja na ganda bila kumenywa, ambayo bei yake huwa chini. Mwenye kutafsiri nyaraka za soko asipolijua hilo atawauzia watu miti badala ya matunda.

Vyombo navyo vina majina. Buni hukaangwa katika chungu au kikaango, hutwangwa kwa kinu na mchi, hupikwa katika mdila, na hunywewa kwa finjani. Mdila ni chombo cha madini chenye tumbo pana, shingo nyembamba na mdomo mrefu, na jina lake linatokana na dalla ya Kiarabu. Kamusi zetu hutaja pia dele kwa maana iyo hiyo. Muuza kahawa wa mitaani, pwani na katika miji mingi ya bara, huuweka mdila wake juu ya jiko dogo la mkaa, akagonganisha vikombe ili wateja wajue kuwa amefika.

Magharibi mwa Ziwa Viktoria, Wahaya walikuwa na buni zao kabla ya utawala wa Wazungu. Walizichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha na kuzitafuna, na mgeni alipokuja nyumbani alipewa buni kama alama ya ukarimu. Huko hapakuhitajiwa mdila wala finjani.

Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari Wakatoliki walipanda mibuni ya aina ya arabika katika Kilimanjaro, na katika karne ya 20 kilimo hicho kikawa tegemeo la wakulima wengi. Chama kikuu cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933. Lakini kahawa hiyo ililimwa ili iuzwe ng'ambo, na chai ndiyo iliyozoeleka zaidi katika nyumba zetu. Matokeo yake katika lugha ni dhahiri. Msamiati wa shambani ulikua: kuchuma, kumenya, kuchachusha, kuanika, kukoboa, kupanga madaraja. Msamiati wa jikoni ulibaki na mdila wake. Vyombo vipya vya kupikia kahawa vilipofika madukani vilikuja na majina yaliyoandikwa juu ya maboksi yao, nasi tukavitumbukiza vyote katika kapu moja la "mashine ya kahawa".

Kuchemsha

Namna ya kale ya kuandaa kinywaji hiki ni kuchemsha. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikunywa kahawa ili kukesha katika ibada, na kufikia katikati ya karne ya 16 ilikuwa imeshafika Istanbul, ambako nyumba za kahawa zilifunguliwa. Unga uliosagwa laini kama vumbi hutiwa ndani ya maji, hutokotezwa, kisha huachwa utulie ili mashapo yashuke chini. Faida za namna hii ni nyingi: chombo ni kimoja, hakina sehemu za kuharibika, hakihitaji umeme, na huweza kupika kwa mkaa, kuni au mafuta. Kasoro yake ni kwamba maji yachemkayo hutoa uchungu mwingi katika unga na hufukuza harufu nzuri kwa mvuke. Ndiyo maana wapishi wa mdila walitia tangawizi, iliki au viungo vingine, na wanywaji wakapata kashata kando yake.

Kasoro hiyo haikuondolewa na chombo kilichopata umaarufu mkubwa Marekani, ambacho Hanson Goodrich wa Illinois alikipatia hataza mwaka 1889. Ndani yake mna bomba jembamba lililosimama katikati. Maji yakipata moto hupanda kwa bomba hilo, hunyunyizika juu ya kikapu cha unga, hushuka chini, hupata moto tena na kupanda tena. Jina lake la Ulaya limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuchuja, na kwa kweli kuchuja kumo ndani yake. Lakini aliyewahi kukitumia anajua kuwa kinachopanda mara ya pili na ya tatu si maji tena, ni kahawa inayotokota upya. Mfasiri atakayefuata jina la kigeni neno kwa neno ataandika "kichujio", naye atampotosha msomaji. Kilicho muhimu katika chombo hiki ni kuzunguka kwa kinywaji. Kwa hiyo tunapendekeza kiitwe birika la mzunguko.

Kuchuja

Watu wa Ufaransa walianza kutafuta njia ya kuepuka mashapo na uchungu. Jean-Baptiste de Belloy, aliyekuwa askofu mkuu wa Paris, hutajwa kuwa ndiye aliyetengeneza, mnamo mwaka 1800, birika la ghorofa mbili: unga ulikaa juu ya bamba lenye matundu, maji ya moto yakamiminwa juu yake, na kinywaji kikadondoka chini. Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani aliyejulikana Ulaya kama Count Rumford, aliandika mwaka 1812 insha ndefu juu ya kahawa. Humo alifundisha kuwa kahawa haifai kutokoteshwa, kwa kuwa kile kinachonukia jikoni ndicho kilichopotea kikombeni.

Hatua iliyoileta kazi hii katika kila nyumba ilifanywa na mama wa nyumbani. Mwaka 1908, katika mji wa Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz alitoboa matundu katika kopo la shaba nyeupe, akatandika ndani yake karatasi ya kukaushia wino iliyotoka katika daftari la mwanawe, akamimina maji ya moto. Mashapo yote yalibaki juu. Akapata hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka huo huo, na kampuni aliyoianzisha ingali inaitwa kwa jina lake. Hapa tuna chombo chepesi kuliko vyote: kikombe kilichotoboka, karatasi na birika la maji. Hakina mashine yoyote. Mwaka 1954 Mjerumani mwingine, Gottlob Widmann, alitoa mashine ya kwanza ya umeme ya kufanya kazi hiyo, iliyoitwa Wigomat, na mwaka 1972 mashine ya namna hiyo iliyoitwa Mr. Coffee iliingia katika soko la Marekani na kulifukuza birika la mzunguko katika majiko mengi.

Katika kuipa mashine hii jina, mtu angeweza kushawishika kutumia kitenzi "kutonesha", kwa kuwa kahawa hutoka tone kwa tone. Lakini kila Mswahili ajua kuwa kutonesha ni kugusa kidonda kikauma upya. Istilahi inayomfanya msomaji akunje uso haitadumu. "Kudondosha" lingefaa zaidi, ila hueleza tu namna kinywaji kinavyoanguka, wala halielezi lile linalotendeka kwenye unga. Chujio, kichujio na kuchuja yanajulikana kwa kila mpishi wa chai na kila mkamuaji wa tui. Kwa hiyo chombo cha mkono kiitwe chujio la kahawa, na cha umeme kiitwe mashine ya kuchuja kahawa. Karatasi yake ni karatasi ya kuchujia.

Kuloweka

Namna ya tatu ni kuuacha unga ulale ndani ya maji ya moto yasiyo juu ya moto, kisha kuutenga. Mwaka 1852 Wafaransa wawili, Mayer na Delforge, walipata hataza ya chombo chenye chujio linalosukumwa chini kwa fimbo. Chombo hicho hakikuenea. Mwaka 1929 Attilio Calimani na Giulio Moneta wa Milano, Italia, walipata hataza ya chombo kilicho bora zaidi, na mwaka 1958 Faliero Bondanini alipata hataza ya umbo linalofanana na lile linalouzwa leo: gilasi pana yenye kifuniko, fimbo na bamba la wavu. Unga ulio kama chenga hutiwa ndani, maji humiminwa, watu hungoja dakika 4 hivi, kisha bamba hudidimizwa polepole na mashapo hubanwa chini.

Katika lugha kadhaa chombo hiki huitwa kwa jina la Ufaransa, ingawa Waitalia walikuwa na sehemu kubwa katika kukitengeneza. Hakuna haja ya sisi kurithi ubishi huo. Wala kitenzi "kukandamiza", ambacho ndicho kilichomo katika jina la kigeni, hakifai hapa, kwa sababu kinachokandamizwa ni mashapo baada ya kazi kwisha. Kazi yenyewe ni kuloweka. Tunapendekeza gilasi ya kuloweka kahawa, na bamba lake liitwe kididimizo.

Kukamua

Namna ya nne ndiyo iliyoleta utata mkubwa zaidi, na ndiyo inayowagharimu wanunuzi fedha nyingi zaidi. Mpishi wa pwani anayekuna nazi anajua kuwa maji yanayopita tu katika machicha hutoa tui jepesi, bali akikamua kwa nguvu, kwa mkono au kwa kifumbu, hupata tui zito. Wazo la Waitalia lilikuwa hilo hilo.

Angelo Moriondo wa Torino alipata hataza mwaka 1884 ya mtambo mkubwa uliotumia maji ya moto na mvuke. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano alibuni mashine iliyoweza kutengeneza kikombe kimoja kimoja kwa mteja mmoja mmoja, na Desiderio Pavoni akaitengeneza kwa biashara. Mashine hizo zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Milano mwaka 1906. Neno la Kiitaliano espresso, ambalo sisi tunaliandika espreso, lina maana zaidi ya moja: kilichokamuliwa, na pia kilichotengenezwa mahsusi kwa aliyekiagiza, upesi. Lakini katika mashine hizo za kwanza nguvu iliyoyasukuma maji ilikuwa ya mvuke tu, kiasi cha mara moja na nusu ya mgandamizo wa kawaida wa hewa. Kahawa ilitoka upesi, ila ilikuwa na uchungu wa kuungua, wala haikuwa na povu la hudhurungi tunalolijua leo.

Achille Gaggia, mwenye mkahawa mjini Milano, alipata hataza mwaka 1938 ya namna ya kukamua pasipo mvuke. Baada ya Vita Kuu ya Pili akaikamilisha kwa wenzo na springi: mhudumu aliuvuta wenzo, springi ikajikaza, kisha ikayasukuma maji kupita katika unga kwa nguvu ya mara 8 au 9 ya mgandamizo wa hewa. Hapo ndipo povu lilipotokea kwa mara ya kwanza. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ilitoa mashine iliyoitwa E61, ambamo pampu ya umeme ilishika nafasi ya mkono wa mhudumu.

Ni dhahiri basi kuwa jina espreso limefunika vitu viwili tofauti: kahawa ya mvuke ya 1901 na kahawa ya mgandamizo mkubwa iliyokuja baada ya vita. Historia hii haikuishia katika majumba ya makumbusho. Hadi leo zinauzwa mashine ndogo za bei nafuu zisizo na pampu, zinazosukuma maji kwa mvuke tu, na juu ya boksi lake limeandikwa neno lile lile lililo juu ya mashine ya pampu ya bei ya mara tatu au nne. Mnunuzi aliyeonja kahawa nzito yenye povu hotelini hununua ile ya bei nafuu, akarudi nyumbani na mashine ya zama za Bezzera, kisha akadhani kuwa kosa ni lake au ni la kahawa yake. Maandishi ya Kiswahili yakisema "mashine ya espreso ya mvuke" na "mashine ya espreso ya pampu", mtu huyo atakuwa ameonywa kabla ya kufungua mkoba.

Pamoja na hizo lipo birika dogo la alumini ambalo Alfonso Bialetti wa Italia alilitoa mwaka 1933 kwa jina la Moka Express. Maji hukaa chini, unga katikati. Mvuke unaozalika chini huyasukuma maji yapande yapite katika unga mpaka chumba cha juu. Nguvu yake ni ndogo, sawa na ya mashine za mvuke, lakini huwekwa juu ya jiko la kawaida, na kahawa yake ni nzito. Jina moka limetokana na bandari ya Mukha ya Yemen, na hutumika vilevile kwa aina ya kahawa na kwa mchanganyiko wa kahawa na chokoleti. Neno lenye maana tatu halifai kuwa istilahi ya chombo. Tunapendekeza birika la kupandisha, kwa kuwa maji yake hupanda, wala hayarudi kama katika birika la mzunguko.

Kazi ya kukamua imeleta pia istilahi ndogo ndogo. Kuubana unga ndani ya kikombe cha mashine kabla ya kukamua ni kushindilia, neno tulilorithi kwa wenye magobori walioshindilia baruti. Kifaa cha kufanyia hivyo na kiitwe kishindilio.

Kapsuli na kahawa ya kukoroga

Mwaka 1976 Eric Favre, mhandisi wa kampuni ya Nestlé ya Uswisi, alipatia hataza mashine inayotumia kikebe kidogo kilichofungwa, chenye unga wa kikombe kimoja. Biashara yake ilianza mwaka 1986. Kazi ya ndani bado ni kukamua. Lililobadilika ni kwamba mtumiaji hasagi, hapimi wala hashindilii. Neno kapsuli limekwisha kuzoeleka katika habari za dawa na laweza kutumika hapa bila taabu. Lakini istilahi kamili, mashine ya kapsuli, imkumbushe mnunuzi jambo moja: kwa kawaida hununui mashine tu, unajifunga kununua vikebe vyake vilevile maisha yake yote.

Kahawa inayoyeyuka katika maji ya moto ni jambo jingine kabisa. Nestlé ilianza kuuza ya kwake mwaka 1938, na Bukoba tunacho kiwanda cha TANICA kinachotengeneza kahawa ya namna hiyo. Hii haihitaji mashine yoyote, ila kijiko. Hapa yuko hatari ya lugha anayejificha: wengi huiita "kahawa ya unga", na wengine hutumia maneno hayo hayo kwa kahawa iliyosagwa. Mwongozo unaosema "tia kahawa ya unga katika chujio" utamfanya mtu mmoja apate kinywaji chema na mwingine ajaze chujio lake utelezi. Tuseme kahawa ya kusaga kwa ile ya kwanza, na kahawa ya kukoroga kwa hii ya pili.

Jinsi majina yanavyomwongoza mnunuzi

Tukiisha kuvipa vyombo majina ya matendo, maswali ya mnunuzi hujipanga yenyewe. La kwanza ni la kinywaji. Apendaye kahawa nyepesi, safi, ya vikombe vingi, achague kuchuja. Kiasi cha gramu 60 kwa lita moja ya maji, yenye joto la nyuzi kati ya 90 na 96 za sentigredi, ni kipimo kinachokubaliwa na wengi. Apendaye nzito isiyo na karatasi achague kuloweka. Apendaye kidogo na kali achague kukamua au kupandisha.

La pili ni la usagaji. Mdila hutaka vumbi, mashine ya pampu unga laini, chujio unga wa wastani ulio kama mchanga, na gilasi ya kuloweka chenga. Wenye kununua mashine ya pampu bila kinu kizuri cha kusagia huwa wamenunua nusu ya kitu.

La tatu ni la nishati na matunzo. Mashine za kuchuja na za pampu hula umeme wa wati 1,000 hivi au zaidi wakati wa kupasha maji. Mahali ambapo umeme hukatika, mdila, birika la kupandisha, chujio la mkono na gilasi ya kuloweka havitamwacha mtu bila kahawa. Aidha, maji yenye chumvi nyingi huacha magaga ndani ya matangi na mabomba, hivyo mashine huhitaji kusafishwa ndani mara kwa mara.

La nne ni la tarakimu. Mashine nyingi za nyumbani huandikwa kuwa zina nguvu ya 15. Tarakimu hiyo ni kiwango cha juu ambacho pampu yaweza kufikia, si nguvu inayohitajiwa na kahawa, ambayo ni 9 hivi. Mfasiri aandike "uwezo wa juu wa pampu", asiandike "nguvu ya kukamua".

Mapendekezo ya istilahi

1. Mdila: chombo cha madini cha kuchemshia kahawa pamoja na unga wake. Neno libaki kama lilivyo.
2. Birika la mzunguko: chombo ambamo kinywaji hupanda kwa bomba na kurudia kupita katika unga.
3. Chujio la kahawa: chombo cha mkono ambamo maji hupita mara moja katika unga na karatasi ya kuchujia.
4. Mashine ya kuchuja kahawa: mashine ya umeme ifanyayo kazi hiyo.
5. Gilasi ya kuloweka kahawa: chombo chenye kididimizo cha kutenga mashapo.
6. Birika la kupandisha: chombo cha jikoni ambamo mvuke husukuma maji juu kupitia katika unga mara moja.
7. Mashine ya espreso ya mvuke: mashine ya kukamua kwa nguvu ya mvuke peke yake.
8. Mashine ya espreso ya wenzo, na ya pampu: mashine ya kukamua kwa mgandamizo mkubwa.
9. Mashine ya kapsuli: mashine ya kukamua itumiayo vikebe vilivyofungwa.
10. Mkamuo: kiasi cha kahawa kinachotoka kwa tendo moja la kukamua.

"Mashine ya kahawa" peke yake iachwe kwa maandishi yasiyohitaji kutofautisha. Kwa mashine za shambani tuseme daima mashine ya kumenyea au ya kukoboa.

Hitimisho

Huenda msomaji akauliza kama majina marefu kama haya yatashindana na majina mafupi yaliyo juu ya maboksi. Jibu limo majumbani mwetu. Chombo cha kutunzia vinywaji moto kilipofika, kilikuja na jina la kibiashara ambalo watu wa Ulaya na Marekani walilimeza likawa neno la kawaida, hata mwaka 1963 mahakama ya Marekani ikakubali kuwa limekuwa la wote. Waswahili walikitazama, wakaona wanakitumia kwa chai, wakakiita chupa ya chai. Leo hata kikijazwa uji au kahawa hakuna asiyekijua. Jina lilidumu kwa sababu lilisema kazi yake. Kwa upande mwingine, sabuni ya unga ya kampuni moja iliacha jina lake kwa sabuni zote, na mwalimu wa sayansi kimu bado hutaabika kuwaeleza wanafunzi kuwa Omo si aina ya sabuni.

Vyombo vya kahawa bado viko njia panda. Tunawaomba walimu wayajaribu mapendekezo haya darasani, wafasiri wayatumie katika miongozo, na maofisa wa biashara wayaangalie wanapoidhinisha maandishi ya bidhaa. Watakaoona neno lililo bora zaidi, hasa katika lahaja za pwani au katika lugha za wakulima wa kahawa wenyewe, watuandikie. Wahaya, Wachaga na Wameru wamekaa na mti huu kwa muda mrefu, na haitakuwa ajabu neno tunalolitafuta likiwa tayari linasemwa huko.